Ulimi wa Kukodi

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Marekani naomba ukae kidogo kwenye benchi la ofisi yetu. Mimi ni karani wa wakili katika mji mdogo, mji wenye mahakama, soko na stendi ya mabasi, ambao watu wake wanajuana mpaka majina ya mbuzi. Kazi yangu ni kupokea wateja, kuchapa hati, kuzipeleka kwa wahusika, na kunyamaza. Mwezi uliopita aliingia mzee mmoja, kanzu nyeupe pe, baraghashia kichwani, sauti ya upole. Alikuja kudai nyumba. Nyumba aliijenga marehemu mdogo wake, na ndani yake anakaa mjane na watoto watatu. Lakini hati ya kiwanja ina jina la mzee, kwa kuwa zamani hizo marehemu alikuwa kazini mbali, akamwamini kaka yake amshughulikie. Hayo yote mzee aliyaeleza mwenyewe, bila haya, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Bosi alimsikiliza, akamtajia ada, mzee akahesabu noti mezani.

Alipotoka nikajikaza. "Bosi, hii kweli tunaichukua?"

Hakuinua hata uso. "Kijana, kila mtu ana haki ya kuwa na wakili."

Basi. Neno hilo limeninyima usingizi. Lingekuwa uongo mtupu ningelitupa nikalala. Taabu ni kwamba lina ukweli ndani yake, na sikuweza kuona ukweli unaishia wapi na hila inaanzia wapi. Nikawa nasoma hiki na kile juu ya mawakili wa zamani, nikitafuta nani mwingine aliyewahi kujikinga kwa neno kama hilo. Niliyemkuta huko sikumtarajia hata kidogo. Nilimkuta Abraham Lincoln.

Najua utaruka: Lincoln yupi, huyu wa kuwaacha huru watumwa? Ndiye huyo huyo. Ila naomba usimtazame kwanza kama rais, wala kama ile sanamu iliyokaa kitini kule Washington. Mtazame miaka ya 1840, mtu mrefu mwembamba, wakili wa Springfield katika jimbo la Illinois. Aliingia mji huo Aprili 1837, leseni yake ya uwakili haijatimiza mwaka, na hana hata pesa ya godoro. Mwenye duka mmoja, Joshua Speed, alimpigia hesabu ya kitanda na matandiko. Jamaa akasema bei si mbaya, ila mfuko hauna kitu. Speed akamwonea huruma, akamkaribisha walale kitanda kimoja juu ya duka. Shule ya sheria Lincoln hakuiona. Alijisomea vitabu vya kuazima.

Na kesi zake zilikuwa za mji mdogo, kama za kwetu: madeni, mipaka ya mashamba, mifugo iliyokula mazao ya jirani, mtu kamwita mwenzake mwizi mbele za watu, mume kamkimbia mke. Mara mbili kwa mwaka mawakili na jaji walisafiri pamoja kutoka wilaya hadi wilaya, kwa farasi au mkokoteni, wakilala wawili wawili kitandani katika nyumba za wageni. Mchana wanararuana mahakamani, usiku wanapiga soga na kucheka. Kwa muda wa karibu miaka 25 yeye na washirika wake walishughulikia kesi zaidi ya 5,000. Karatasi nyingine alizitunza ndani ya kofia yake. (Bosi wangu akisikia hili asije akaanza, maana faili zetu zinapotea hata kabatini.) Na siasa je? Wakili wa mji mdogo bila siasa ni chai bila sukari. Alichaguliwa kuingia bunge la jimbo mwaka 1834, akakaa vipindi vinne, akawa mmoja wa waliopigania makao makuu ya jimbo yahamishwe kutoka Vandalia yaje Springfield.

Juu ya utumwa, msimamo wake haukuwa siri. Mwaka 1837, baada ya bunge hilo kupitisha maazimio ya kuwalaani wapinga utumwa, yeye na mbunge mwenzake Dan Stone waliandika kwa majina yao kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma. Wawili tu ndio waliotia sahihi. Ni kweli waliongeza, kisiasa-siasa, kwamba kelele za wapinga utumwa nazo huzidisha ubaya wake. Hata hivyo waliandika. Tena mwaka 1841 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Illinois katika shauri la deni. Mtu aitwaye David Bailey alikuwa ametia sahihi kuahidi kulipa fedha kwa Nathan Cromwell kwa ajili ya mwanamke mweusi, Nance. Cromwell akafa, warithi wake wakadai. Lincoln, akiwa upande wa Bailey, akashinda: mahakama ikasema kwamba katika Illinois kila mtu huhesabiwa huru, awe wa rangi yoyote, na mtu huru hauziki.

Sasa njoo Oktoba 1847, mji wa Charleston, wilaya ya Coles, wilaya ambayo baba yake mzazi na mama yake wa kambo walikuwa wakiishi shambani.

Kulikuwa na mwenye shamba mmoja, Robert Matson, mtu wa Kentucky, ambako utumwa ulikuwa halali. Illinois utumwa ulikatazwa. Matson alikuwa na ardhi pande zote mbili, na akapata ujanja. Kila mwaka alileta watumwa Illinois wakati wa kulima, akawarudisha Kentucky baada ya mavuno, wengine wakaletwa mwaka unaofuata. Tena kila wanapofika alitangaza mbele ya shahidi kwamba watu hawa wanapita tu, hawakai. Unaona hesabu yake? Mtu hawi huru mahali anapopita. Jasho lake tu ndilo linabaki.

Msimamizi wa shamba lake alikuwa Anthony Bryant, mtu mweusi aliyekwisha kuwa huru. Lakini mkewe, Jane, na watoto wao walikuwa mali ya Matson. Na Jane safari hii alikuwa amekaa Illinois zaidi ya msimu mmoja. Siku moja akagombana na mwanamke wa Kizungu aliyetunza nyumba ya Matson, naye akamtishia: utarudishwa Kentucky, utauzwa Kusini kwenye mashamba ya pamba. Anthony aliposikia hakungoja kupambazuke. Akakimbilia kijiji cha jirani, kwa watu wawili waliojulikana kuchukia utumwa: Gideon Ashmore, mwenye nyumba ya wageni, na Dk. Hiram Rutherford. Wakaipokea familia. Matson akaenda mahakamani. Jane na watoto wanne wakatiwa mahabusu Charleston, kwa kuwa sheria za Illinois, jimbo "huru" hilo, zilimtaka mtu mweusi awe na karatasi ya kuonyesha kwamba yu huru. Wakakaa humo wiki kadhaa. Kisha Matson akawadai wale mabwana wawili fidia kwa kuwahifadhi watu wake.

Daktari akatafuta wakili. Alikuwa akimfahamu Lincoln, na akili yake haikusita: kama kuna wakili wa kesi hii, ni yule wa Springfield. Kwa maelezo ya daktari mwenyewe, aliyoyatoa uzeeni, alimkuta Lincoln Charleston akamweleza yote. Lincoln alisikiliza, uso ukamjaa simanzi, akamwambia kwamba ameshaombwa na upande wa Matson. Hawezi.

Na kweli alisimama. Upande wa Matson walikuwa Usher Linder na Abraham Lincoln. Upande wa pili walikuwa Orlando Ficklin, wakili wa hapo hapo Charleston, na Charles Constable. Mbele ya majaji wawili, William Wilson na Samuel Treat, Lincoln alijenga hoja kwamba Jane na wanawe walikuwa vibarua wa msimu, makao yao yangali Kentucky, na mtu anayepita na mali yake hanyang'anywi mali hiyo njiani. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Jane alikuwa pale akisikiliza.

Majaji wakakataa. Mwenye mtumwa akimleta kwa hiari yake katika ardhi huru na kumweka kazini hapo, amemweka huru. Jane na watoto wakatoka. Matson akarudi Kentucky, na husimuliwa kwamba mawakili wake hakuwalipa. Akina Bryant walisaidiwa kwenda Liberia, ambayo ilikuwa imejitangazia uhuru Julai mwaka huo huo, na huko maisha yakawawia magumu sana. Lincoln naye, siku chache baada ya kesi, alifunga mizigo kwenda Washington kuanza kazi ya ubunge.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu nikatoka nje kuvuta pumzi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alicheka nilipomsimulia. "Sasa ulitaka akatae? Mawakili wakianza kuchagua watu wema tu, watakuwa mahakimu kabla ya hakimu. Halafu yule ambaye mji mzima unamchukia, nani atamsemea?" Hoja nzito hii, na siipuuzi. Tena naomba niiongezee uzito mwenyewe. Kanuni ya kuwakataa wabaya, ungeipeleka wilaya ya Coles mwaka 1847, wabaya wangekuwa akina nani? Kwa wengi machoni, wabaya walikuwa Ashmore na daktari, watu wa fujo, waficha mali ya wenyewe. Wakili anayefuata dhamiri ya mji angemkataa Jane kwanza. Na mtu aliyemtetea Jane, huyu Ficklin, hakuwa mtakatifu wa kupinga utumwa. Alikuwa mbunge wa chama cha Democrat, chama ambacho watumwa hawakuwa na la kukishukuru miaka hiyo. Alichukua kesi akaifanya vizuri, basi.

Lakini mwalimu wangu amechanganya vitu viwili, na bosi wangu kavichanganya vile vile. Haki ya kuwa na wakili ilizaliwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu ambaye mkono wenye nguvu umemshika: aliyeko mahabusu, anayekaribia kunyongwa, anayetaka kupokonywa alichonacho. Huyo hata awe mwovu kiasi gani lazima asemewe, maana bila ya hivyo mkono wenye nguvu utawashika na wasio na hatia. Sasa niambie, Charleston mwaka 1847 ni nani aliyeshikwa? Matson hakuwa mahabusu. Alilala kitandani kwake. Aliyekuwa nyuma ya mlango wa chuma ni Jane na watoto wanne. Matson hakukimbilia mahakamani kujikinga. Alikwenda kuchukua. Mtu anayekwenda kuchukua akikukodi ulimi, huwi ngao yake. Umekuwa jembe lake.

Utasema Linder alikuwepo, hata Lincoln angekataa kesi ingeendelea. Ni kweli. Nami nimeshasikia hayo maneno kwa kila mpokea rushwa ninayemfahamu: nisipoichukua mimi ataichukua mwingine. Na aichukue huyo mwingine. Linder ana kaburi lake.

Wapo waandishi wanaompenda sana Lincoln ambao hawakuvumilia habari hii, wakaitafutia tiba. Eti alijitetea kivivu, eti alitaka kushindwa. Wanaonyesha kwamba alikiri waziwazi mbele ya majaji: kama Matson aliwaleta watu hawa wakae, basi wako huru, shauri zima linategemea nia yake. Ndiyo, alikiri. Lakini huko ni kusema sheria ilivyo, jambo ambalo wakili mwaminifu hufanya hata linapomuuma. Na hebu tuseme wana haki, alishindwa makusudi. Je, hapo amepona? Mteja amekuamini, amekufungulia siri zake, wewe unamwuza kimya kimya huku umevaa joho la mtetezi wake. Ukifanya hivyo kwa Matson leo kwa sababu ni mwovu, kesho utafanya kwa mjane kwa sababu jaji ni rafiki yako.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kesi hii inanibana koo. Tangu dakika ile aliyosema "sawa, nitasimama", Lincoln hakuwa na njia safi. Akishinda, Jane na watoto wanapelekwa Kusini. Akishindwa kwa hila, ni msaliti. Akifanya kazi yake sawasawa na kuliachia benchi la majaji limwokoe Jane, ndivyo alivyofanya, basi uhuru wa mtoto ameutegemeza kwenye ubora wa wakili wa upande wa pili. Sote tunazungumzia maadili ya wakili mahakamani, anasemaje, anamhoji vipi shahidi. Huko ni baadaye. Njia safi ilikuwa moja, nayo ilikuwa mlangoni, kabla hajavuta kiti.

Halafu ule mlango, kumbe, ulifunguka mara ya pili. Hili ndilo jambo linalonisikitisha kuliko yote. Daktari anasimulia kwamba baada ya kuondoka na hasira zake, Lincoln alimtumia ujumbe: amepata njia ya kujitoa kwa Matson, sasa anaweza kumtetea. Na daktari akakataa! Alikwisha udhika. Akamchukua Constable. Nimemfikiria sana daktari huyu, mtu mwema aliyehatarisha mali yake kwa ajili ya watu wasio ndugu zake. Mtu mrefu kageuka, amekuja kubisha hodi, na mwenye haki anamwambia umechelewa. Wema nao una kiburi chake. Sitaki kumlaumu sana, nami ningefanya vile vile pengine, ila kila nikifika hapo natamani kumshika mkono.

Kuna watu hupenda kusema wakati ule Lincoln alikuwa bado hajajua. Hapana. Mwaka 1841, akiwa safarini ndani ya meli ya mtoni, aliona watu weusi 12 wamefungwa minyororo wakipelekwa Kusini, na miaka 14 baadaye akamwandikia Speed kwamba mandhari ile ingali ikimtesa. Mwaka 1864, akiwa rais, alimwandikia mhariri mmoja wa Kentucky kwamba hakumbuki wakati wowote ambapo hakuona utumwa kuwa kosa. Na mimi namwamini. Namwamini kabisa, na ndicho kinachonitisha. Angekuwa hajui tungemsamehe kwa ujinga. Alijua, akajua tena, na katikati ya kujua kwake akasimama upande wa Matson. Hata baada ya miaka 11, Septemba 1858, katika mji ule ule wa Charleston, akishindana na Douglas kwa kiti cha useneta, aliwaambia wasikilizaji kwamba hakusudii watu weusi wapige kura wala wakae katika baraza la mahakama. Umati ulitaka kusikia hivyo. Ficklin naye alikuwepo jukwaani siku hiyo. Lincoln akamshika ukosi wa koti akamvuta mbele ya watu, ili atoe ushahidi juu ya habari za vita vya Mexico. Juu ya Jane, ambaye hukumu yake ilitolewa katika mji huo, hakuulizwa mtu.

Simtaji haya ili nimshushe. Tangazo la 1863 liko pale pale, na risasi ya 1865 iko pale pale. Nataka tu kusema kwamba mtu huyu wa 1863 na yule wa 1847 hawakubadilishana roho njiani. Ni mtu mmoja, ameketi chumba cha wageni, mteja anaingia, anasema habari zake. Hakuna anayemshangilia wala anayemwandika. Kuna kiti, kuna meza, na jibu linatakiwa.

Nilimsomea bosi baadhi ya haya juzi, wakati wa chai. Alisikiliza vizuri, mtu msikivu yule, wala si mtu mbaya. Ada za shule za watoto wa watu wawili watatu hapa mtaani analipa yeye. Akaniuliza, "Kwa hiyo Lincoln alilipwa au hakulipwa?" Nikasema husimuliwa kuwa hakulipwa. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanyamaza, akaangalia dirishani, akasema, "Ile ilani ya yule mzee umeimaliza?"

Nimeimaliza. Siku 14 mjane awe amehama. Nimeichapa kwa mkono wangu, nimesahihisha herufi mbili, iko kwenye faili la kijani juu ya meza yangu inangoja sahihi. Tena bosi hapeleki hati mwenyewe. Anayepanda baiskeli, akafika mlangoni, akabisha hodi, akamkabidhi mwenye nyumba na kumtaka atie dole gumba kuwa amepokea, ni mimi.

Mjane namfahamu. Ananiita mwanangu.